Kepteni Hakubisha Hodi

Kanisani kwao, Wilson ndiye aliyesimama kando ya mhubiri mgeni. Mgeni alisema sentensi moja kwa Kiingereza, Wilson akaisema kwa Kiswahili, na mgeni akiinua mkono, Wilson naye aliinua wake. Alijifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Shule aliiacha mapema, na Kiingereza chake alikiokota kidogo kidogo kwenye magazeti ya zamani na kwenye ghala la mahindi alikokuwa karani. Mchungaji wao wa kwanza alimpa sheria moja tu: mkalimani hana maneno yake mwenyewe. Mgeni akisema "mimi ni mwenye dhambi", usiseme "anasema kwamba yeye ni mwenye dhambi". Sema "mimi ni mwenye dhambi". Usiongeze, usipunguze.

Sheria hiyo aliitumia pia nyumbani kwake mjini, katika mtaa wa West Indies, kila Jumamosi jioni, mbele ya televisheni ndogo isiyo na rangi aliyoinunua kwa mwalimu mmoja Mhindi aliyekuwa akihama nchi. Kabla ya taarifa ya habari palionyeshwa mchezo wa kutoka ng'ambo, kuhusu chombo cha angani kilichopigwa na dhoruba katikati ya nyota kikapotea. Waliokuwa ndani yake walikuwa wakitafuta njia ya kurudi duniani. Mchezo ulikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini pale nyumbani waliuita "Kepteni" tu, kwa sababu ya kijana aliyekiongoza chombo hicho. Kila Jumamosi Kepteni alitua kwenye dunia ngeni, akadanganywa, akapigana, akaponyoka. Na kila Jumamosi, mwishoni, walionyesha nyumba moja ndogo kando ya ziwa, huku kwetu duniani, na mama mzee akiweka taa dirishani. Alikuwa mama yake Kepteni. Hakupewa neno hata moja la kusema. Aliweka taa, akatazama nje, na mchezo ukaisha.

Wilson alikaa kwenye stuli kando ya televisheni. Mke wake, Hellen, alikaa karibu na mlango wa jikoni ili aone sufuria na Kepteni kwa pamoja. Shitanda, jirani yao wa ukuta mmoja, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, alikuja na kiti chake mwenyewe, na Kinandi hakukijua. Ndiyo maana Wilson alifasiri kwa Kiswahili, si kwa Kinandi. Mama yake, Jepkosgei, alikijua Kiswahili cha sokoni, cha kuuzia maziwa, na kilimtosha. Yeye ndiye aliyekaa mbele kabisa, magoti yakikaribia kugusa kioo, kwa kuwa alipenda kuangalia midomo ya watu wakati wanasema.

"Huyu mama hana majirani?" aliuliza siku moja. "Kila siku peke yake na hiyo taa."

"Ni Wazungu, Mama," Shitanda akamjibu. "Jirani yao ni mbwa."

"Na mbwa sijaona."

"Basi amekufa. Ndiyo maana unaona ana huzuni."

Mama alicheka mpaka kifua kikamshika, na Hellen akamletea maji ya moto.

Kifua hicho ndicho kilichomleta mjini. Aliishi peke yake kijijini Ziwa, katika nyumba yake ya nyasi, na wakati wa mvua nyingi jirani yake Esther alimkuta ameanguka kando ya meko, pumzi haitoki. Daktari alisema moshi na baridi vimemla mapafu, na kwamba mtu wa namna hiyo haachwi kuishi peke yake. Wilson na Hellen walimwandalia chumba cha pili. Walitaka akae kabisa. Mama alisema atakaa mpaka apate nguvu, kisha atarudi kuangalia moto wake.

Moto huo ulikuwa wa Kipkemboi. Kwa desturi yao, wakubwa wakioa hupewa sehemu zao na kwenda, na nyumba ya mama hubaki ya kitindamimba. Yeye hukaa na mama, humzika mama, na meko ya mama huwa yake. Kipkemboi ndiye aliyekuwa kitindamimba, na Kipkemboi alikuwa Amerika. Miguu yake ndiyo iliyompeleka. Alikimbia mashindano ya shule, akakimbia ya mkoa, chuo kimoja cha huko kikamwita aje asome akikimbia. Alipoondoka alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Ilikuwa sauti ya Wilson kabisa. Mama, akiwa jikoni, alikuwa hajui ni nani kati yao anayeita, na marehemu baba yao alizoea kujibu, "Nyinyi wawili mna koo moja, sasa ni nani?"

Miaka ya kwanza Kipkemboi alituma picha: yeye na medali, yeye kwenye theluji. Halafu picha zikapungua, halafu zikakoma. Kisha mkimbiaji mmoja wa kule Ziwa, anayeitwa Paul, alirudi likizo, akapita kwa Mama kuleta salamu. Alisema Kipkemboi ni mzima. Goti liliharibika, chuo akakiacha. Anafanya kazi kwenye stoo fulani, anaishi na mwanamke wa huko, wana mtoto. Paul hakuficha kitu. Mama alisikiliza yote, akauliza swali moja.

"Anakuja lini?"

Paul alikunywa chai yake. "Hakusema, Mama."

Hakusema si sawa na hatakuja. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na nafasi, na Mama aliishi humo. Kitindamimba akirudi akakuta meko baridi ni kama kuambiwa hajulikani pale. Kwa hiyo, hata alipokuwa mjini, Esther aliingia kila jioni kuwasha moto kidogo. Kulikuwa pia na sababu ambayo mtu yeyote wa Ziwa angeielewa: nyumba ya nyasi isiyopata moshi huingiwa na wadudu, na paa huanza kuoza.

Mapatano yao yalianza kama mzaha. Hellen alimsihi Mama akae hata baada ya mavuno, na Mama akaelekeza kidole kwenye televisheni. "Wacha kwanza huyu kijana afike kwao. Yeye akifika kwake, na mimi nitaenda kwangu."

Shitanda alipiga makofi. "Basi Mama ni wetu! Huyo hafiki leo wala kesho."

Lakini wiki zilivyokwenda, mzaha ulianza kukaa kama ahadi. Wilson alijikuta anamwogopa Kepteni. Chombo kikikaribia njia ya kwao, alishikwa na wasiwasi. Kikipigwa tena na dhoruba, alipumua. Alijua ni upuuzi. Hata hivyo, Jumamosi moja, Kepteni alipofungwa na watu wenye vichwa virefu, alimwambia Hellen jikoni, "Afadhali." Hellen akamtazama, kisha wote wawili wakacheka kwa sauti ya chini.

Halafu gazeti likaandika kwamba Jumamosi inayofuata Kepteni atafika nyumbani.

Wilson alilileta gazeti mwenyewe. Angeweza kulificha, lakini hakuwa mtu wa kuficha. Alimsomea Mama maneno yale machache ya ukurasa wa vipindi. Mama alimwomba arudie. Kisha akaenda chumbani akaanza kukunja nguo zake.

Jumamosi yenyewe ilipofika, walionyeshwa sherehe za serikali uwanjani, gwaride na ngoma na hotuba ndefu, mpaka muda wa mchezo ukapita. Shitanda alibeba kiti chake akarudi kwake bila kusema neno, maana kulikuwa na mambo ambayo mtu hakuyalalamikia kwa sauti hata ndani ya nyumba. Mama hakujali. Alisema mtu aliyekaa porini muda wote huo hashindwi na wiki moja zaidi. Mkoba wake ulikuwa tayari kando ya kitanda: shuka mbili, dawa, na sufuria mpya aliyopewa na Hellen.

"Mwambie," Hellen akamwambia Wilson wakiwa jikoni. "Mwambie hawezi kwenda."

"Nimemwambia."

"Umemwambia vile daktari alisema. Umemfasiria daktari. Mwambie wewe, kwa maneno yako."

Wilson alifikiri juu ya hilo wiki nzima. Ghalani, akipima magunia, alijaribu maneno kichwani. Kila alipojaribu aliona kwamba Mama alikuwa na haki yake. Nani angemwambia mzazi aache kumngoja mtoto? Na nani angemwacha akafie kwenye moshi? Alikuwa mzito wa kuamua, na Jumamosi ikafika kabla hajaamua.

Siku hiyo Shitanda alikuja mapema, amevaa shati la kanisani.

"Sasa wewe umevaa hivyo unaenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Si tunapokea mgeni, Mama? Nyinyi Wanandi mtu akitoka mbali mnampa yale maziwa ya kibuyu yenye unga wa makaa. Mimi nimeleta shati tu."

"Makaa ndiyo yanaleta nguvu. Ungekunywa hayo ungekuwa mrefu."

"Ningekuwa mrefu ningefika wapi na nyumba ya kampuni ina mlango mfupi?"

Mchezo ulianza. Kepteni alikiacha chombo kikubwa juu, akashuka peke yake kwa kingine kidogo. Alitua katikati ya majani marefu, jua likiwa limeshazama, na akatembea. Hakukuwa na maneno kwa muda mrefu, na Wilson hakuwa na kazi. Walionyesha ziwa. Walionyesha nyumba. Taa ilikuwa dirishani.

"Hiyo hapo," Mama alisema. "Anaiona?"

"Anaiona, Mama," alisema Shitanda.

Kepteni alifika dirishani. Ndani, mama yake alikuwa akimimina chai kwenye kikombe kimoja. Alikuwa amezeeka kuliko walivyozoea kumwona. Kepteni akaenda mlangoni, akainua mkono.

"Sasa," Mama alisema. Aliinuka kidogo kitini. "Sasa abishe."

Mkono ulikaa pale juu. Kisha ukashuka. Kepteni alianza kusema, polepole, uso wake umejaa kioo chote, na Wilson akamfuata.

"Mama, nimefika mpaka hapa," alisema Wilson. "Kila dunia niliyopita niliuota mlango huu. Sasa niko mbele yake, na mkono wangu unakataa kugonga."

Hellen alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Yule mtoto uliyemlea hayupo tena. Nimekaa huko mpaka huko kumekuwa kwetu. Nikiingia, nitakuwa mgeni kwako, na wewe utanikaribisha kama mgeni, na hilo siwezi kuliona. Usiniwekee taa tena."

Kepteni alinyamaza. Mama akageuka kutoka kwenye kioo.

"Amesema nini?"

"Amesema..." Wilson alianza.

"Kiswahili nimesikia. Sema na lugha yetu."

Wilson alirudia kwa Kinandi. Alirudia kama alivyozoea, neno kwa neno, akisema "mimi". Alikuwa ameshaingia katikati ndipo alipotambua anachofanya. Kwa Kiswahili, mama ni neno la kila mtu. Shitanda humwita Jepkosgei mama, na muuza mboga humwita Hellen mama. Lakini kwa Kinandi, sauti ile haikuwahi kumwita mtu mwingine yeyote neno hilo ila huyu aliyekaa mbele yake. Na ilikuwa sauti ya watoto wawili. Alitaka kusimama. Sentensi ilikuwa haijaisha, na hakujua jinsi ya kuacha sentensi ya mtu mwingine njiani. Akaimalizia. Akamwambia mama yake asimwekee taa tena.

Jepkosgei alikuwa akiiangalia midomo yake.

Kwenye kioo, Kepteni aliondoka kupitia majani yale yale. Mama yake alifungua mlango, labda alisikia kitu, akatazama giza, akafunga. Muziki ukapigwa.

"Hakubisha hodi?" Mama aliuliza.

"Hakubisha, Mama."

"Na mama yake hakujua alikuwa pale."

"Hakujua."

"Haya."

"Haya nini?" Shitanda alilipuka. "Haya nini, Mama? Miezi yote hii! Nimeacha mpira, nimeacha harusi ya binamu yangu kule Webuye, nikafungwa na wale wa vichwa virefu pamoja na yeye, halafu anafika mlangoni anageuka? Mlangoni! Hata mwizi anaingia!"

"Shitanda," Hellen alisema.

"Ni hawa wanaoandika. Wanajua akiingia, mchezo umeisha. Sasa watauza nini? Kwa hiyo wanamgeuza. Wiki ijayo utamwona yuko huko tena anapigana na mijusi."

Maneno yake yalikuwa na ukweli, na Wilson aliuona. Aliona pia kwamba walioandika maneno yale huenda walidhani wameandika kitu kizuri. Huenda hata kilikuwa kizuri kwa watu ambao hawana mtu wanayemngoja mlangoni. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Mama alisema, "Zima hiyo," akaenda kulala bila kula.

Kesho yake, baada ya kanisa, Wilson alimkuta Mama amekaa nje kando ya ukuta, kwenye jua. Mkoba haukuwa pamoja naye. Alivuta stuli akakaa.

"Yale maneno ya jana," Mama alisema. "Yalikuwa hayo tu? Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

"Wala kuongeza."

"Wala kuongeza. Mama, yale ni maneno ya mtu aliyekaa chini akaandika. Huyo Kepteni mwenyewe hayuko."

"Wilson, mimi si mtoto. Najua ni mchezo." Aliinyoosha leso yake magotini. "Paul alipokuja aliniambia hakusema. Wewe na Hellen hamsemi. Esther anawasha moto na hasemi. Watu wote wananihurumia. Sasa jana ndiyo nimesikia vile inasikika mtu akisema."

"Hakuna aliyesema. Ni mimi niliyekuwa nasema."

"Najua ni wewe." Akamtazama. "Mtoto hawezi kumwambia mama yake hivyo. Nilikuwa nafikiri, siku akisema, nitakufa. Nimesikia, na asubuhi nimeamka, nimekunywa chai."

Wilson aliisogeza stuli karibu naye.

"Nitakaa hapa," Mama alisema. "Mwambie Hellen."

Ndilo neno alilokuwa akilitafuta tangu wakati wa mvua. Alikwenda jikoni akamwambia Hellen, na Hellen akaketi kwenye gunia la viazi akajifuta macho kwa mkono wenye unga. Hakuna aliyefurahi. Jioni ile Mama alikula vizuri. Alizungumza juu ya bei ya maziwa. Hakutaja moto, wala hakuuliza kama Esther amepita kuuwasha, swali ambalo hakukosa kuliuliza tangu afike. Wilson alilisubiri swali hilo Jumatatu, na Jumanne, na siku zilizofuata. Alikuwa tayari kumjibu, kwa habari za watu wa Ziwa waliofika ghalani, kwamba Esther amepita, na kwamba moto unawaka vizuri. Hakuulizwa.

Jumamosi ilipofika, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kanisani wala nyumbani.

Mama alikubali kukaa mbele ya televisheni, ingawa safari hii alikaa nyuma kidogo, karibu na Hellen. Shitanda alikuja pia. Alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba hataangalia tena, kisha akaja na kiti. Kepteni alikuwa amerudi ndani ya chombo chake, akizungumza na fundi wake juu ya mafuta yanayokwisha. Wilson alisikiliza kidogo, akakohoa, akasema:

"Nimekosea. Nimefika mlangoni nikaogopa. Geuza chombo. Nataka kwenda kwetu nikabishe."

Shitanda alijua Kiingereza cha kiwandani, cha mitambo na mafuta. Aligeuza kichwa akamtazama Wilson. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Eeh!" alisema. "Hata mimi nimesikia! Amesema anarudi!"

"Geuza haraka," Wilson aliendelea. "Mama yangu bado hajalala. Nikifika, nitaingia hata kama sijui niseme nini. Nitakaa kwenye kile kiti. Nitakunywa chochote atakachonipa..."

"Wilson."

Aligeuka kumtazama mama yake.

"Mzungu amefunga mdomo," Mama alisema, "na wewe bado unaongea."

Siku nyingine Shitanda angeanguka chini kwa kicheko. Hakucheka. Kwenye kioo, Kepteni na fundi walikuwa wakitazama saa fulani ukutani, kimya.

"Mwache," Mama alisema kwa upole. "Mwache aende huko anakotaka. Umemlazimisha vya kutosha."

Wakaenda Ziwa, Wilson na mama yake, siku ya soko, wakati mahindi yalikuwa yameshavunwa na mashamba yamebaki mabua. Mama alisema anataka kuchukua vitu vyake vichache. Esther aliwakuta uani na kibuyu cha maziwa, akafurahi kumwona Mama anatembea bila kushika mtu.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Majivu mekoni yalikuwa bado na joto. Mama alichukua kigoda chake, blanketi, na picha ya marehemu mzee. Picha za theluji aliziacha ukutani, kisha akarudi akazitoa, akazitia katikati ya blanketi. Halafu akatoka nje akamwita Esther.

"Umenisaidia sana," alimwambia. "Sasa acha. Usiwashe tena."

Esther alimtazama Wilson kabla ya kujibu. "Mama, si kazi kubwa. Mimi napita tu."

"Una watoto wako. Kuni ni zako. Wale ndama wako wawili, unawalaza wapi?"

"Chini ya ghala. Wananyeshewa."

"Waweke hapa."

"Ndani ya nyumba yako, Mama?"

"Wataipa joto. Nyumba ikikaa bure itaanguka."

Wilson alikuwa ameshika kigoda. Tangu safari ilipoanza alijiambia kwamba hatasema kitu, kwamba hayo ni mambo ya mama na nyumba yake. Sasa alisikia maneno yakitoka yenyewe, na hayakuwa ya daktari wala ya mtu mwingine yeyote.

"Mimi sitaki," alisema. "Mama, sitaki. Mimi mwenyewe nitakuwa nakuja kuwasha. Nitakuja kila Jumapili. Na akija? Akija akute ndama?"

Jepkosgei alimtazama mtoto wake mkubwa kwa muda. Miaka yote swali hilo lilikuwa lake, na ilionekana kama alishangaa kidogo kulikuta kwa mtu mwingine.

"Akija, atauliza," alisema. "Ziwa nzima inajua West Indies. Atakuja kwako abishe, na wewe utafungua."

"Hapa ndipo kwake."

"Hapa palikuwa kwake wakati nilikuwa nangoja." Akashika mkono wa Wilson juu ya kiwiko, kama mtu anayeomba njia. "Si hata wewe ulitaka nikae?"

Wilson alitikisa kichwa kukubali. Hakukuwa na jibu lingine la kweli.

Esther alienda akawaleta ndama kwa kamba. Mmoja aliingia bila shida. Wa pili, mwekundu, alikita miguu kizingitini akakataa, akinusa harufu ya moshi iliyomo ndani. Esther alimvuta. Wilson aliweka kigoda chini akaja kusukuma, lakini ndama alimpiga teke la goti.

"Toka," Mama alimwambia Wilson.

Akaja yeye, kifua kikipiga filimbi kwa mbali, akaweka kiganja chake mgongoni mwa ndama, karibu na mkia, akamsemesha kwa Kinandi maneno ya kuwatuliza ng'ombe. Ndama alisikiliza. Akainua mguu mmoja, akauingiza, kisha wa pili. Mama aliendelea kumsukuma polepole mpaka alipokuwa ndani kabisa, gizani, kando ya meko, na yeye akabaki amesimama mlangoni, mkono bado uko mbele, hauna tena kitu cha kushika.